Taa za Desemba Zilizowaka Julai

Swali lenyewe lilikuwa dogo, na mwanamke aliyeliuliza aliliuliza kwa adabu. Walikuwa wanne, yeye na mumewe na watoto wao wawili, wanatoka nchi ya mbali yenye baridi, na walitaka kukodi nyumba yetu ya Masama kwa wiki tatu za Julai. Aliandika kwamba kuna nchi waliwahi kukodi nyumba ya likizo, siku ya kuondoka wakapewa bili ya umeme iliyowatoa jasho. Kwa hiyo safari hii alitaka kujua mapema: familia kama yao itatumia umeme kiasi gani kwa wiki, na je, umeme umo ndani ya kodi au wanalipa pembeni?

Nilisoma ujumbe huo nikiwa chumba cha walimu, hapa Moshi mjini, nikacheka peke yangu. Mimi nafundisha hisabati sekondari. Nikasema moyoni, dada umefika penyewe.

Nyumba hizi zetu za mlimani kila mtu anazijua. Mchaga akipata hela Dar, Arusha au Mwanza, anapanda kwao kujenga kwenye kihamba, lile shamba la migomba na kahawa walikozikwa baba zake, na anajenga kubwa kuliko ya jirani. Kisha anaifunga na kurudi alikotoka. Desemba wote tunapanda, magari yanabanana kwenye njia za migomba, mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, watoto wanalala mzungu wa nne sebuleni. Mwaka mpya ukiisha tunashuka. Miezi inayobaki jumba linakodolea macho migomba, na migomba inalikodolea macho jumba.

Ya kwetu aliijenga zaidi kaka yangu mkubwa anayekaa Dar, baba akiwa bado hai. Mama hajawahi kulala ndani yake hata siku moja. Anakaa nyumba ya zamani, hatua chache nyuma ya ile kubwa, vyumba viwili na jiko la kuni pembeni. Ukimuuliza kwa nini, anasema ile kubwa ina mwangwi, ukikohoa unajibiwa.

Baba alipofariki, kaka alianza kusema mama hawezi kuendelea kukaa peke yake. Alitaka amchukue Dar. Mama aliwahi kwenda Dar mara moja, akarudi amekonda, akasema hewa ya kule imeshatumiwa na watu wengine. Mimi nilijua tukimhamisha tutakuwa tumemng'oa na mizizi. Nikamsihi kaka tuikodishe nyumba kwa wageni wa nje, maana wapo wanaochoka hoteli na kutaka kuamka kwenye migomba. Fedha hiyo italipa matengenezo, itamlipa mtu wa kumsaidia mama, na yeye kaka hatatoa tena mfukoni. Kaka ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Tujaribu msimu mmoja. Nyumba ikijilisha yenyewe, mama abaki. Isipojilisha, Agosti nakuja kumchukua." Tukakubaliana mama asiambiwe, tusimtie presha.

Kwa hiyo yule mwanamke alipouliza habari ya umeme, hakujua anauliza kama mama yangu ataendelea kunywa chai yake ya asubuhi kwenye kigoda chake, kaburi la mumewe likiwa mbele yake. Mimi nilijua, ila nilikuwa nimevimba kichwa. Nilifungua simu, nikatafuta jumbe zote za umeme wa luku, ule wa kulipia kabla, tulioununua Desemba iliyopita, nikajumlisha. Halafu nikafanya kama hesabu ya mtihani wa darasa la saba: ikiwa ukoo mzima, na wajukuu, na mashemeji, na majirani waliokuja kuchaji simu, walitumia umeme huu, je, watu wanne watatumia kiasi gani? Jibu lilikuwa kidogo kiasi cha kuchekesha.

Nilimpigia mama kumuuliza kama tuwatoze pembeni. Akanishangaa. "Utamdai mgeni hela ya taa? Kwani siku hizi tumekuwa nani?" Maneno yale yalinigusa mahali pa majivuno. Nikamwandikia yule mwanamke: umeme umo ndani ya kodi, jisikieni nyumbani, msiwe na wasiwasi wowote.

Wasiwasi wote nikabaki nao mimi, ila nilikuwa sijajua bado.

Walifika siku ya ukungu. Niliwapokea na mama, tukawapa mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, watoto wakaupiga mafunda kama walizaliwa Masama. Mama aliwashika mashavu mmoja mmoja, akanigeukia na kuniambia kwa Kichaga kwamba hawa wamekonda, safari ndefu. Nilinunua umeme wa wiki tatu kwa hesabu yangu, nikaongeza kidogo wa heshima, nikashuka mjini na roho nyeupe. Shule ilikuwa imefunguliwa na nilikuwa na vipindi.

Hata wiki haikuisha. Nipo ubaoni nachora pembetatu, simu ikatetemeka kwenye meza. Mama.

"Kile kidude kinalia," alisema.

Kidude ni kile kiboksi cha kubonyezea namba za umeme. Fundi alikiweka nyumba ya zamani, kwa mama, kwa sababu ndiko kuna mtu mwaka mzima. Kikilia ujue umeme unakaribia kukata.

"Haiwezekani, mama. Soma vizuri."

"Kulia nako kunasomwa?"

Niliwaacha wanafunzi na pembetatu yao, nikatoka koridoni, nikanunua umeme kwa simu. Sasa ikawa kumsomea zile namba, maana miwani yake haipatani na maandishi ya simu.

"Haya mama, anza. Nne."

"Nne."

"Saba."

"Saba. Ngoja, kuku ameingia ndani. Shii! Toka! Umesema ngapi?"

"Saba."

"Saba nyingine?"

"Ile ile, mama!"

"Usinifokee, mwalimu. Mimi si darasa lako."

Tulimaliza kengele ikigonga. Nikajiambia labda nilikosea kujumlisha. Jioni nikakaa na karatasi, na hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Desemba sisi hatutumii umeme! Ukoo mzima unakuwepo, kweli, lakini ndizi zinapikwa kwa kuni kwenye masufuria makubwa nje. Maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni, na nusu ya wanaume hawaogi mpaka waitwe kanisani. Desemba kuna jua, mchana kutwa tuko uwanjani chini ya maturubai, usiku tunaota moto na kusimuliana uongo. Umeme wetu ni wa balbu na redio. Nilikuwa nimepima kiu ya ng'ombe kwa kumtazama kuku.

Mzungu Julai ni habari nyingine. Julai Masama ni baridi ya kuuma masikio, na ukungu unaweza kushinda mlangoni siku nzima. Atapika kwa jiko la umeme, ataoga maji ya moto ya shawa asubuhi na jioni, na ile hita niliyoazima kwa mwalimu mwenzangu na kuiweka chumba cha watoto kwa mkono wangu mwenyewe itawaka. Nikaanza upya: jiko hili, shawa hii, hita hii, pasi, friji. Jibu jipya lilinitoa jasho kama bili ya yule mwanamke, lakini lilikuwa jibu la mtu mzima. Nikanunua umeme wa kutosha mpaka waondoke. Faida ikapungua, ila nyumba ilikuwa bado inajilisha, japo kwa kijiko cha chai.

Siku chache baadaye kidude kikalia tena, nikanunua tena kwa hesabu ile ile.

Tangu hapo sikutulia. Nikisahihisha mitihani, pembeni ya majina ya watoto wa watu najikuta nimeandika uniti. Nikipita dukani nikaona hita inauzwa, nageuza boksi kusoma inakula kiasi gani. Nikilala naamka, nahesabu shawa: wanne, mara mbili kwa siku, labda watoto wanachezea maji? Nikimpigia mama kumwuliza hali, ananijibu kwa furaha ambayo sikuisikia tangu msiba wa baba. "Huku kuzuri sana. Taa zinawaka vizuri." Nami namjibu vizuri mama, huku meno yameshikana.

Kaka naye akapiga. Hana salamu ndefu.

"Inajilisha?"

"Inajilisha," nikasema.

Nilianza kuwachukia wale wageni, nasema ukweli. Nilimwona yule mwanamke kichwani mwangu amevaa fulana nyepesi, madirisha yote wazi, hita inanguruma, kwa sababu nilimwambia asiwe na wasiwasi na akanisikiliza kupita kiasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu nimpe jembe lipi, na amelipa? Nikaandaa maneno ya kumwambia, kwa upole, kwa lugha yake, kwamba umeme kwetu ni ghali. Niliyarudia bafuni mpaka yakalainika.

Jumamosi shule ilikuwa na kikao cha wazazi kilichokataa kuisha. Kwa kawaida nikipanda Masama napanda mchana na kushuka kabla ya jua kuzama. Siku hiyo nilifika barabara kuu giza linaingia, nikachukua bodaboda ya kunipandisha. Baridi ilipenya mpaka kwenye kucha. Kuna kona moja njiani, migomba inaisha ghafla, unatokea ukingoni mwa korongo, na nyumba zote za upande wa pili zinakuwa mbele yako mlimani. Julai, usiku, hakuna cha kuona pale. Nyumba zipo, kubwa kubwa, ila zote zimefungwa na hakuna mwanga.

Ya kwetu ilikuwa inawaka.

Inawaka yote. Ukuta mweupe, paa jekundu, mnara wa tangi la maji, mpaka majani ya migomba nyuma yake yalikuwa yanang'aa. Nilipokuwa mdogo, kabla umeme haujapanda huku, mama alikuwa anatundika chemli barazani na haizimwi mpaka mtoto wa mwisho aingie. Wa mwisho mara nyingi nilikuwa mimi, na chemli ile niliiona kutoka kona hii hii. Sasa kwa pumzi moja, pale nyuma ya pikipiki, niliamini ni Desemba, wamefika wote, na baba yupo anagombana na mtu kuhusu mbuzi. Nilitamani kulia kwa furaha.

"Kwenu bado kuna sherehe, madam?" dereva aliuliza kwa sauti kushinda injini. "Kila siku kunawaka hivyo. Watu wanasema mmerudi wote."

Kila siku. Furaha ikanikauka mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimezitambua zile taa. Zilikuwa taa kubwa za nje, zile za zamani za halojeni, ambazo kaka alizifunga kuzunguka nyumba yote mwaka ilipomalizika. Kila moja inakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Desemba huwa tunaziwasha mkesha wa Krismasi tu, halafu tunazizima tukicheka kwamba shirika la umeme limeshapata sadaka yake. Na swichi yake haiko nyumba kubwa. Fundi aliipeleka nyumba ya zamani, ili mama akisikia mwizi awashe.

Yule mwanamke alikuwa barazani, amevaa sweta mbili na blanketi mabegani, anakunywa chai. Alinikaribisha kwenye nyumba yangu. Akaniambia wanafurahi mno, na kwamba hita waliichomoa siku ya pili, kwao baridi hii ni ya kawaida. Watoto wanaoga haraka, aliwawekea saa. Alisema nyumba za watu zinataka heshima. Kisha akashusha sauti.

"Kitu kimoja tu, kama si usumbufu. Taa za nje. Watoto wanatamani kuona nyota. Tulidhani ni kwa ajili ya usalama, tukaona si adabu kuuliza."

Maneno yangu yaliyolainika bafuni yalikuwa yamenijaa mdomoni na hayakuwa na pa kwenda. Nikamwambia nitaangalia, nikazunguka nyuma.

Mama alikuwa jikoni, anachochea kuni, uso wake unang'aa kwa moto upande mmoja na kwa taa za kaka upande mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na giza! Umeiona nyumba?"

"Nimeiona. Nani anawasha taa zile?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Zinawaka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kukuche." Alisema kama mtu anayetaja sifa ya mtoto wake.

"Mama, kwa nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini tunakula. "Nyumba ina watu."

Nikaanza kumweleza uniti. Nilimweleza kwa ukali, kama namweleza mwanafunzi wa mwisho darasani. Aliniacha nikamaliza, akageuza kuni moja.

"Wewe uko mjini," alisema. "Mkishuka Januari mnafunga geti. Mimi ndiye ninayebaki na lile jumba mbele yangu, limenyamaza kama limefiwa. Ng'ambo kwa wenzetu giza, hapa giza. Usiku nikitoka nje naliogopa. Naogopa nyumba ya wanangu mwenyewe! Sasa Mungu ameleta watoto wamelala mle, nizime?"

"Si watoto wetu, mama. Wamelipa."

"Watoto ni watoto."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimechoka, nimepigwa baridi, nimemdanganya kaka, na nilikuwa nimewasingizia watu wema kwa wiki nzima moyoni mwangu. Hasira ikatafuta pa kutokea.

"Basi endelea kuwasha!" nikasema. "Hela ikiisha kaka anakuja Agosti kukuchukua. Utakaa Dar, kule taa zipo mpaka utazichoka!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama aliweka chini mwiko.

"Nani amesema?"

"Tulikubaliana."

"Mlikubaliana." Alilisema polepole. "Mimi nilikuwa wapi?"

Aliinuka, akaingia ndani, nikasikia swichi. Uwanja ukafa. Kisha nikasikia swichi nyingine, na balbu yake ya chumbani ikazimika, na ya jikoni pale tulipokuwa. Tukabaki na makaa. Kutoka nyumba kubwa nilisikia watoto wanapiga kelele za furaha, wanaitana waje waone nyota.

"Kula," mama alisema gizani, akinisogezea sahani. "Chakula kimepoa."

Asubuhi alikwenda misa ya kwanza bila kunisubiri. Yule mwanamke alinishukuru kwa nyota mpaka nikaona aibu.

Umeme uliobaki ulitosha mpaka wakaondoka, na ukabaki wa akiba. Hesabu yangu ya pili, ya jiko na shawa, ilikuwa imetoka sawasawa. Sijawahi kuchukia jibu sahihi kiasi hicho. Maana mama hakuzima taa za nje tu. Jirani anayemsaidia kufua mashuka alinipigia kuuliza kama mama anaumwa, kwa sababu jua likizama anafunga mlango na hawashi hata balbu moja. Nilimpigia. Akasema haumwi.

"Kwa nini huwashi taa, mama?"

"Nabana matumizi," akasema, akakata.

Agosti ilipoingia kaka akapiga. Nilikuwa nimeshaamua kutomdanganya tena. Nikamwambia kodi ya wageni ililipa kila kitu na kubaki, lakini umeme wa wiki zile za kwanza uliila yote iliyobaki na kutia kidole mfukoni mwangu.

"Nilijua," alisema. "Wazungu na hita zao."

"Si wazungu. Ni mama." Nikamwambia yote, kuanzia kwenye kona mpaka kwenye makaa. Nikamwambia pia kwamba nimelisema lile tuliloficha, na nililisema vibaya.

Nyuma yake nilisikia magari ya Dar.

"Ulisema zinaonekana toka kwenye kona?"

"Zote."

"Mzee ndiye aliyetaka zifungwe," alisema. "Mwaka ule anaumwa. Alisema nikimrudisha kutoka hospitali usiku, anataka aione nyumba toka kwenye kona. Tukamrudisha mchana." Akakohoa. "Badilisha taa."

"Nini?"

"Zile za kisasa, hazili umeme. Kanunue. Na mwambie mama siendi kumchukua mtu. Nina kikao." Akakata. Wanaume wa kwetu wakitaka kulia husema wana kikao.

Nilikwenda Kiboriloni, nikazunguka sokoni mpaka nikapata taa nilizozitaka, nikagombania bei kwa raha ya ajabu. Fundi akapanda nami Masama, akashusha zile za zamani, akafunga mpya. Alizijaribu mchana, zikawaka, akaondoka. Mama alikuwa anatutazama kutoka kwenye kigoda chake, anachambua kahawa. Nikamwambia maneno ya kaka. Akasema, "Asante." Nikamwambia ajaribu swichi. Akasema mikono ina kahawa.

Giza lilianza kuingia na hakuinuka. Nikaona sasa hapa maneno yangu, yale ya Jumamosi, bado yamekaa katikati yetu, na taa mpya haziwezi kuyaondoa. Nikaenda mpakani, kwenye ule mstari wa masale unaotenganisha kihamba chetu na cha jirani, nikakata jani moja la isale. Kwetu mtu aliyekosa humpelekea isale aliyemkosea, na aliyeletewa hapaswi kulikataa. Kwa kawaida kunakuwa na wazee na mbege na hotuba. Mimi nilikuwa peke yangu na viatu vya mjini vimejaa tope. Nilipiga magoti mbele ya kigoda, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Tulikupangia maisha yako kama vile hupo."

Alilitazama jani, akanitazama mimi.

"Umelikata mpakani?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unanikosea, halafu unaniomba msamaha kwa isale langu mwenyewe?" Mdomo ukaanza kumcheza. "Mwalimu mzima! Inuka, unachafua sketi."

Alilipokea. Alifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, na nyumba kubwa tupu ikawaka mbele yetu. Mwanga wake ulikuwa mweupe kuliko ule wa zamani. Mama alisema umekaa kihospitali hospitali, ila atauzoea.

Mwezi wa tisa likaja swali jingine, la watu wengine, wazee wawili waliotaka kukaa wiki mbili. Nao walikuwa na adabu. Waliuliza, watenge kiasi gani cha umeme? Safari hii sikucheka na sikufungua jumbe za Desemba. Nikaandika jiko. Nikaandika shawa, friji, pasi. Nikafika taa za nje nikasimama, maana nilitaka niziweke kwenye kodi kabla hazijaniweka mimi matatani. Nikampigia mama.

"Mama, zile taa unazizima saa ngapi? Nipo kwenye hesabu."

Nikasikia kuni zinalia motoni, na kuku, na yeye akifikiri.

"Wewe unakuja lini?" akauliza.

"Jumamosi."

"Basi andika mpaka Jumamosi."